Kompyuta Iliyokataa Kupanda Kibosho

Kijiwe cha Shakiru muuza kahawa kiko Pasua, hapa hapa Moshi mjini, mkabala na gereji ya binti fundi Elisifa. Mzee Yoramu, ambaye tunamwita Turubai kwa sababu amezeekea juu ya malori, ana pembe yake ya benchi, na ole wako uikalie. Pembe ya pili ni ya Hafidhi fundi cherehani, jina la kijiweni Injinia wa Mdomo. Katikati yao asubuhi hiyo alikaa Leodegar muuza mabati, kikombe kimempoa mkononi, macho yote kwenye Subaru ya turbo ya kaka yake Sirili. Gari lilikuwa limetoka kujaribu kupanda Kibosho, kijijini kwao mlimani. Lilifika usawa wa kanisa, injini ikaanza kugonga, Elisifa akaamuru ligeuzwe. Sasa fundi alikuwa ndani yake na laptopu mapajani, amenuna, na kijiweni kila mwenye mdomo alikuwa na jibu.

— Kompyuta ya injini imeogopa mlima, alisema Hafidhi. Mzee wangu, kitu kimetengenezwa ng'ambo, huko tambarare, halafu unakipandisha Kibosho ghafla? Hata wazungu hupanda polepole.

— Kompyuta inaogopa? Mzee Yoramu alicheka hadi kofia ikamhama. Malori yangu yalipanda miaka yote, na hayakuogopa kitu.

— Hayakuogopa kwa kuwa hayakuwa na akili. Hii ina akili!

— Sasa mwenye akili unamjuaje wewe?

Leodegar hakucheka. Wenzake walikuwa wanaongelea injini, yeye alikuwa anawaza nyumbani. Mwaka jana aliazima gari hilo la kaka yake aende nalo harusini Himo. Betri ikafa, yeye kwa haraka zake akaunga nyaya za kuamshia kinyume, chanya kwenye hasi, moshi ukafuka, na kompyuta ya injini ikaungua palepale. Sirili akamtolea maneno. Badala ya kunyamaza, Leodegar naye akajibu kwamba kopo lenyewe lilikuwa limeshachoka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Krismasi ikafika, Wachagga kutoka kila pembe ya nchi wakajaa barabarani kwenda kwao, na Leodegar, ambaye kwao anakuona kwa macho akisimama dukani, akabaki mjini akila wali peke yake. Aliapa hatapanda Kibosho mpaka gari lipande.

— Lakini tuseme kweli, alisema Mzee Yoramu, yule binti ni noma.

— Hilo sibishi, alisema Hafidhi. Wallahi sibishi.

Na nani angebisha? Mafundi wengine walijaribu kompyuta za mtumba, ufunguo ukazikataa zote. Elisifa akasema hataki tena kitu kinachokumbuka gari la mtu mwingine. Akaagiza kompyuta mpya kabisa, ya kufungwa kwenye gari lolote, tupu, haijui hata kama inaenda kwenye Subaru au mashine ya kusaga. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kipima umeme, akaukata, akauunga, akauvisha kinga, mpaka fungu lote likalala limenyooka kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Baada ya hapo ndipo akaanza kuifundisha: injini ikizunguka hivi, turbo ikisukuma hewa hivi, mwaga petroli kiasi hiki, piga cheche sasa. Mashine ya kupimia nguvu za gari Moshi haipo, kwa hiyo akautumia mlima. Tambarare aliipimia njia ya Himo, mzigo akaupimia kupanda Marangu. Leodegar anaendesha, yeye pembeni na laptopu, masikioni kavaa visikizio vilivyounganishwa na injini, anasikiliza kama kuna kugonga. Ukimsemesha anakunyamazisha kwa kidole.

— Lakini kwa nini ligonge kanisani? aliuliza Mzee Yoramu. Marangu halikugonga. Mimi naona linataka kubatizwa.

— Basi lingepita msikitini kwetu kwanza, sisi ndio tuko njiani.

— Hafidhi, usichezee mambo ya Mungu.

— Sichezi. Ngoja niwape jibu lenyewe. Satelaiti! Gari likipanda sana, satelaiti inadhani ni ndege. Inaiambia kompyuta, punguza mafuta, tunakaribia kutua.

— Aisee, alisema Shakiru huku akimimina kahawa, au imesikia habari za mwenzake aliyechomwa na Leodegar. Imeona sura, ikatetemeka.

Hapo kijiwe kizima kikavunjika mbavu. Leodegar aliinama. Ilimchoma kweli, maana hilo ndilo alilokuwa akilifikiria: kwamba mkono wake ni mbaya, kwamba kila anachokigusa cha kaka yake kitaungua tu.

— Halafu inanukia, alisema Hafidhi, pua juu. Nuseni. Mboga za majani hizo. Kompyuta inajichemsha!

Elisifa akashuka garini na kuvuka barabara.

— Nyamazeni wote. Kompyuta yangu haina kosa.

— Binti, sisi tunasaidia, alisema Mzee Yoramu.

— Shikamoo, Mzee Yoramu. Msinisaidie. Hii kitu imefanya kazi nzuri kuliko nyinyi nyote mkiunganishwa. Sikilizeni. Turbo inabana hewa, na hewa ikibanwa inapata moto. Kwa hiyo inapitishwa kwenye kile kipoza cha juu ya injini, kinachopulizwa na upepo wa ile pua ya boneti. Leo hewa iliyoingia kwenye injini ilikuwa ya moto kupita kiasi. Hewa ikiwa ya moto hivyo, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, ndiyo kugonga kwenyewe. Kompyuta ikasikia, ikachelewesha cheche yenyewe, ikapunguza nguvu. Isingefanya hivyo, pistoni ingetoboka pale pale kanisani. Na nani aliyeifundisha?

— Wewe, waliitikia.

— Semeni kwa sauti.

— Wewe, Elisifa!

— Haya. Sasa kuna kitu kimeziba ile pua. Nani ameigusa?

Leodegar aliweka kikombe chini. Akavuka barabara, akazamisha mkono kwenye pua ya boneti mpaka kiwiko, akavuta. Likatoka fungu la isale, majani marefu yaliyofungwa fundo, yamelegea, yameiva kabisa, yanatoa mvuke.

Kijiweni watu wakainuka kutazama.

Kwa Wachagga jani hilo halina mchezo. Ukikosa, unampelekea uliyemkosea, na akishaliona hawezi kukufukuza. Leodegar alikuwa amelichuma alfajiri hiyo kwenye uzio wa jirani, ampelekee Sirili. Ila alijua akiliweka wazi, kijiwe kitamcheka wiki nzima, basi akalisokomeza mahali ambapo alidhani hapatazamwi na mtu.

— Lakini isale si jani moja tu? aliuliza Shakiru taratibu.

— Kosa lilikuwa kubwa, alisema Leodegar.

Mzee Yoramu alivua kofia, akafuta macho, na haikujulikana kama alikuwa anacheka. Elisifa yeye alicheka waziwazi, akashika kiuno.

— Yaani umempikia mwenzio sala kwenye injini! Mungu wangu. Leodegar, ungeniambia ningekufungia kwenye kioo.

Akaingia garini, akawasha. Injini ikaitika mara moja, ikatulia kwenye ule mngurumo wake mzito, sawasawa, bila kukwama. Elisifa akakanyaga kidogo, turbo ikapiga mluzi, akaachia. Hafidhi alisema mashallah na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka mtu mwenye koti la mvua na matope ya Kibosho kwenye viatu. Alimsalimu Mzee Yoramu kwanza. Leodegar aligeuka.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba, alisema Sirili. Nimeambiwa gari langu limeonekana kanisani, halafu likageuza.

Hapo kila mtu alianza kumweleza kwa pamoja. Hafidhi alieleza hewa, Mzee Yoramu akaeleza cheche, Shakiru akaeleza pistoni ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Elisifa alifungua boneti aoneshe waya zake. Leodegar naye akadakia, maneno yanamtoka mbiombio: kompyuta ya zamani iliungua, hii ni bora, inajilinda, sasa limepona, alikuwa njiani kulileta, alitaka lifike lenyewe mpaka uani, kaka alione likipanda.

Sirili alisikiliza mpaka wakaishiwa.

— Mama aliweka sahani yako Krismasi, alisema. Akaifunika, ikakaa hapo mpaka jioni. Sasa nakuuliza. Lisingepona hili gari, usingekuja nyumbani?

Hafidhi, aliyekuwa na jibu la mlima na jibu la satelaiti, alitazama ndani ya kikombe chake. Mzee Yoramu alitazama barabara. Leodegar machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu wazima wenzake wala hakuyafuta.

— Panda, alisema Sirili, akionesha bodaboda.

— Na gari?

— Liache.

Wakabanana nyuma ya dereva, mkubwa kamshika mdogo begani, pikipiki ikashika njia ya Kibosho. Ng'ambo ya barabara Subaru ilibaki inanguruma vizuri kuliko siku iliyotoka kiwandani, na hakuna aliyekuwa anaitazama.