Mjukuu wa Trekta Anasoma Nini?

Nje ya duka la chakula cha mifugo, hapa kwetu vilimani Missouri, kuna benchi na birika la kahawa. Sheria ni moja: anayemimina kikombe cha mwisho ndiye anayechemsha nyingine. Kwa hiyo kila mtu hubakiza tone, na hakuna anayechemsha. Asubuhi ile walikuwapo Orval, tunayemwita Trekta. Dwight, yaani Redio, maana hanyamazi. Na Arlene, ambaye tangu aitwe siku moja kuwa mzee wa baraza mahakamani, tunamwita Jaji. Habari ilikuwa mswada mpya wa sheria: mtoto anayesomea nyumbani atembelewe na mwalimu mara moja kwa mwaka. Wren, mjukuu wa Trekta, ana miaka tisa na hufundishwa na mama yake, huko mwisho wa barabara.

REDIO: Leo mwalimu anataka kumwona mtoto. Kesho anafungua friji.

TREKTA: Athubutu. Binti yangu anafundisha kuliko shule nzima.

JAJI: Umemwona akifundisha?

TREKTA: We Jaji, yule nimemzaa mimi. Nikaone nini?

REDIO: Wakitoka kwenye friji wanahamia bandani. Kuku nao watapewa mtihani.

JAJI: Wako watafeli wote. Wamelelewa na wewe.

Tukacheka. Gari la maktaba, lile linalopitisha vitabu nyumba kwa nyumba, likasimama, akashuka dereva mpya, Ione, na kikombe chake mkononi.

IONE: Hamjambo wazee. Babu yake Wren ni nani?

TREKTA: Mimi. Kuna nini?

IONE: Hakuna baya. Kesho napita njia ya kwao, nataka nimchagulie vitabu. Siku hizi anasoma nini?

Trekta akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amezimika.

TREKTA: Anapenda farasi.

IONE: Vizuri. Anasoma mwenyewe, au bado anasomewa?

Trekta akainua birika, akamimina lile tone la mwisho, akalinywa. Kisha akaingia dukani, akatoka na birika limejaa kahawa mpya, linafuka mvuke.

TREKTA: Kunyweni. Dada, nipe kitabu kimoja cha farasi. Naenda kukaa na Wren anisomee.

REDIO: Na asipoweza?

TREKTA: Basi nitakuwa nimejua. Na kesho nitarudi kwake tena.

Akamjazia Ione kikombe, akapokea kitabu, akaondoka.