Mwalimu Aliyetufungulia Maji

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

KARIBU

Tunakupokea kwa mikono miwili katika siku hii ya kufungua maabara. Tumefagia tangu alfajiri, na viti vingine tumeazima kwa majirani. Ukiona hatuchangamki inavyopasa, usidhani hatukufurahia ujio wako. Kuna mtu tumemkosa hapa, na risala hii, kwa ruhusa yako, ni yake kuliko yetu.

KLABU ILIVYOANZA

Klabu yetu ya Sayansi ilianzishwa na mwalimu wetu wa kemia, mwanamke mfupi, mpole, anayecheka kwa mabega. Alitukuta tunakariri kama kasuku kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, wala hakuna aliyewahi kuona. Maabara haikuwepo. Siku moja akaingia darasani na chupa tupu ya jemu, betri ya pikipiki ya mumewe, na vijiti vyeusi alivyovichomoa ndani ya betri kuukuu za tochi.

“Maji mmeyakariri vya kutosha,” akasema. “Leo tuyafungue tuone ndani mna nini.”

Akatia maji, akakoroga magadi kidogo, akazamisha vijiti viwili na kuunganisha nyaya. Tulidhani anatutania. Mara viputo vikaanza kupanda, vyembamba kama uzi, upande mmoja vingi kuliko mwingine. Upande wenye vingi akaufunika kwa kibomba cha kioo, gesi ikajaa, kisha akakisogezea njiti ya kiberiti inayowaka. Pap! Darasa zima lilirudi nyuma, halafu likaangua kicheko. Tangu hapo tukamwita Mama Viputo, naye akaitika.

TULIYOYAPATA

Tulianza kuunda vyombo vyetu wenyewe kwa makopo, nyaya na vijiko, hadi mama zetu wakawa wanaulizana vijiko vyao vinakwenda wapi. Masharti ya mwalimu yalikuwa machache, na hakuwa na mzaha nayo: madirisha yawe wazi, gesi iwe kidogo tu, wala isifungiwe chupani. Waliokuwa wakiikimbia kemia ndio waliokuja kuwa wa kwanza kufika. Matokeo ya mtihani uliofuata Mkuu wa Shule anayajua. Sisi tunakumbuka zaidi alivyokuwa akiinama kwenye kila meza, na kusikiliza hata upuuzi wetu mpaka mwisho.

YALIYOTUSIBU

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu aliombwa aandae onyesho ambalo hata waliokaa nyuma wangeliona. Hapo kikahitajika chombo kikubwa. Madarasa yalikuwa yanapakwa rangi, hivyo akapewa stoo ya majembe na madawati mabovu, chumba kisicho na dirisha. Alilalamika, akaambiwa avumilie. Alivumilia, ila sisi alitukataza kukanyaga humo.

Alikijaribu peke yake. Tunavyoambiwa, gesi ilivuja ikatanda chumbani, na alipogusa waya, ukatoa cheche. Tulisikia mlio tukiwa uwanjani. Mlinzi ndiye aliyemtoa, uso ameufunika kwa mikono. Macho yake yote mawili hayakupona.

Mgeni rasmi, baada ya hapo maabara ikakumbukwa, na tunashukuru. Yeye aliambiwa apumzike nyumbani. Kisha akaambiwa kwamba asiyeona hawezi kufundisha kemia.

Tulikwenda kumwona. Mumewe alimwambia wageni ni akina nani. Tulikuwa tumebeba kichombo chetu kidogo, huku tukiogopa kumtonesha. Yeye ndiye aliyekiomba. Tukakiweka kando ya dirisha, tukaunganisha nyaya, naye akainamisha sikio juu ya chupa.

“Hebu nyamazeni,” akasema. Kisha akagusa upande wa kulia. “Haidrojeni iko huku. Huku kunachemka zaidi.”

Alikuwa sahihi. Tulikaa naye hadi jua likapungua, akitumalizia mada tuliyoachwa nayo nusu. Tulipoaga, alitushika mkono mmoja mmoja, akimtambua kila mtu kwa sauti na kumtaja jina. Mumewe alitusindikiza hadi njiani, akatuambia kwamba tangu atoke hospitali hakuwahi kumsikia mkewe akizungumza kwa kirefu namna ile.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa tumepanga kuomba vifaa. Tumeviacha. Tunaomba mwalimu wetu arudishwe. Vyombo tutamshikia, vipimo tutamsomea, na ubao tutamwandikia sisi.

Jana tulimpitia aje leo pamoja nasi. Gauni alikuwa ameshalinyoosha. Lakini alisikia kwamba mwaliko ni wa wafanyakazi wa shule, na kwa kuwa yeye si mfanyakazi tena, hakutaka kuleta maneno.

“Nendeni,” akatuambia. “Someni polepole, mgeni awasikie.”

Ombi letu la mwisho ni dogo. Utakapoondoka, msafara wako utapita mbele ya nyumba yake, ile yenye mlango wa kijani baada ya mashine ya kusaga. Tunaomba usimame hapo kidogo, umsalimie. Hatujamwambia lolote, tusije tukamfanya akae mlangoni akisikiliza magari yanayopita.

Mungu akufikishe kwako salama, akujalie afya na watu wa kukupenda.

Ni sisi, watoto wa Mama Viputo,
Klabu ya Sayansi.