Mzee Funguo na Saa ya Kutoka

Ijumaa tarehe 30 Juni, Mzee Funguo anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha televisheni kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Kwa umri wake alitakiwa kupumzika tangu miaka sita iliyopita, ila kila mkataba ulipokwisha watazamaji walipiga simu kuuliza bawabu yuko wapi, na ofisi ikamwongezea mwaka. Safari hii ameomba mwenyewe, na wakubwa wameona wamsikilize.

Wengi wetu tunamjua kwa jina hilo tu, la yule bawabu mwenye tita la funguo kiunoni katika tamthilia yetu ya Jumatano. Hata fomu zake za likizo huandikwa hivyo, na sijasikia hata moja iliyorudishwa.

Hakuja hapa kuigiza. Aliajiriwa kama seremala wa seti, enzi zile studio ikiwa bado ghala la zamani la magodoro, paa la bati. Mvua ikinyesha ilikuwa hakuna kurekodi. Watu walikaa juu ya masanduku wakanywa chai mpaka inyamaze. Siku moja mwigizaji aliyepangwa kuwa askari hakutokea. Mwongozaji akatazama huku na huku, akamwona seremala kasimama kwenye mlango alioutengeneza mwenyewe. Akavishwa koti la askari, akapewa maneno manne ya kusema, kwamba hakuna aliyepita hapo leo. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama, kwa kuwa kweli alikuwa amechoka, na nyundo ikichungulia mfuko wa nyuma. Kila aliyekuwepo aliamini hakuna aliyepita. Mwongozaji akasema huyu asirudishwe stoo.

Tangu hapo amekuwa hakimu mara kumi na moja, daktari mara tisa, baba wa bibi harusi mara ambazo hata mwenyewe hazijui, na maiti mara mbili. Mara ya kwanza ya umaiti usingizi ulimpitia akakoroma, na mjane wake, aliyekuwa akilia vizuri kweli, akaangua kicheko juu ya jeneza. Mara ya pili alikunywa kwanza vikombe vitatu vya kahawa.

Hakuwahi kuwa nyota. Jina lake hutokea mwishoni, wakati watu wameshainuka kutafuta rimoti. Lakini jaribu kwenda naye sokoni uone. Alipoigiza mwenye nyumba katili, yule aliyemtoa mjane nje na watoto wake, muuza nyanya wake wa siku zote alikataa kumuuzia. Alifunika nyanya kwa gunia mpaka apite. Mzee ilibidi arudi wiki nzima kumwombea radhi mwenye nyumba, na mwishowe akapewa nyanya kwa sharti kwamba yule mjane arudishiwe chumba chake. Mara nyingine alikuwa hospitalini kumwona mgonjwa, mama mmoja akamwekea mikononi mtoto mwenye homa, akimwita daktari. Mwingine angecheka. Yeye alimbeba yule mtoto mpaka kwa daktari wa kweli, akakaa nao kwenye benchi mpaka dawa zikatoka. Jambo hilo hakulisimulia yeye. Tulilisikia kwa yule mama, aliyekuja kumshukuru hapa getini na bado akimwita daktari.

Siri ya kazi yake ilikuwa nyumbani. Mkewe, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyemsikiliza maneno kila jioni. Huku anakatakata vitunguu, mama yule alikuwa mjane, polisi, mwizi, bosi, watu wote wa skripti isipokuwa mumewe. Mzee akikosea neno anagongewa sufuria kwa mwiko, anaanza upya. Alikuwa akituambia kwamba uigizaji kafundishwa na sufuria. Mimi, fundi wa mavazi, nilifika kwao mara mbili kumpima suruali, na sikuruhusiwa kukaa bure. Ya kwanza nilifanywa shahidi, ya pili mwizi. Sufuria iligongwa kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Miaka mitatu iliyopita Mwenyezi Mungu alimchukua yule mama. Mzee alirudi kazini baada ya wiki mbili, shati limenyooshwa, ndevu zimenyolewa, na maneno hayamo. Asubuhi akiwa amekaa anayajua yote. Kamera ikiwashwa yanamtoka, ananyamaza pale pale ambapo zamani sufuria ingelia.

Sasa linakuja jambo ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Alisema nisipoliandika atalisema ukumbini siku ya kumuaga, na mimi nitaona aibu zaidi.

Chumba cha mavazi ndiko ninakofanya kazi, huu ni mwaka wa ishirini na moja. Bawabu wa tamthilia kila anapozungumza na mkubwa huvua kofia na kuishika kifuani kwa mikono miwili. Basi siku moja niliandika maneno yake kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kwa kalamu nene, nikakishikiza ndani ya kofia kwa nyuzi mbili tatu. Sikumwambia. Akavua kofia, akaona, akasema maneno yake yote. Jioni kofia iliporudi kwenye ndoano yake, ndani mlikuwa na peremende moja. Hatukuzungumza. Kwa miaka mitatu imekuwa hivyo, kitambaa kinakwenda, peremende inarudi. Kila nikitia uzi kwenye sindano nilikuwa namwomba Mungu asimwaibishe mbele za watu. Kama kulikuwa na udanganyifu ndani yake, nimemwachia Yeye apime.

Mwezi uliopita ikafika siku ya kurekodi onyesho lake la mwisho. Bawabu anaaga, anamkabidhi funguo bawabu mpya, ambaye ni binti mmoja mwigizaji wetu aliyeajiriwa mwaka jana. Maneno yenyewe yalikuwa marefu, ya shukrani na baraka. Kwenye mazoezi alikwama mara tatu. Mwongozaji, na si mtu mbaya, aliniita pembeni. Seti ile ilikuwa inavunjwa kesho yake. Mzee akikwama tena, alisema, onyesho litaachwa, na bosi wake wa kwenye tamthilia atasema tu kwamba bawabu amekwenda kwao. Miaka kumi na tisa mtu amefungua lile geti, halafu atajwe kwa sentensi moja akiwa hayupo. Mzee alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale. Nadhani alisikia, maana alianza kuzihesabu funguo kama tasbihi.

Kofia za bawabu ziko mbili, pacha kabisa, moja ya akiba ikiwa ya kwanza imelowa jasho. Asubuhi ile tulikuwa tumemrekodi akimwambia mgeni ajiandikishe kwenye daftari la getini. Mchana nikashona maneno ya kuaga, nikaenda kusali, nikarudi mbio nikamkabidhi kofia. Kamera ikawashwa. Alipoivua tu, macho yangu yakapita mlango wazi wa chumba cha mavazi mpaka kwenye ndoano, nikaiona kofia ya pili imetulia pale, na ukingo mweupe wa kitambaa kipya unachungulia. Nilikuwa nimempa ile ya asubuhi.

Mzee akatazama ndani ya kofia. Akatazama muda mrefu, mpaka mwongozaji akainua mkono ili akate. Kisha akainua uso, akamgeukia yule binti.

"Daftari usilisahau, mwanangu. Kila anayeingia aandike jina, na saa aliyoingia. Mimi nilipoingia hapa hakuwepo wa kuniandika. Basi leo niandikie wewe saa ya kutoka."

Akaweka funguo juu ya daftari taratibu, zisilie. Akavaa kofia, akatoka kwenye lile geti ambalo mbao zake alizipiga randa kwa mikono yake mwenyewe. Hayo hayakuwamo kwenye skripti ya binti. Alipapasa meza akapata kalamu, akatazama saa ya ukutani, akaandika. Mkono wa mwongozaji ulibaki juu vile vile, kausahau. Hakuna aliyesema turudie. Mtaliona wenyewe Jumatano ya mwisho wa mwezi, na daftari lipo stoo kwa anayetaka kuhakikisha. Imeandikwa saa kumi na dakika ishirini.

Nilikwenda kumwomba radhi huku sioni mbele kwa machozi. Alinikabidhi kofia kabla sijafungua mdomo. Ndani mlikuwa na peremende mbili.

"Fundi," akasema, "leo umenivisha nguo ya mtu mwingine, na imenikaa."

Mpaka siku ile, hayo tu ndiyo tuliyowahi kusemezana juu ya kofia kwa miaka mitatu, na yalinitosha.

Kuanzia Ijumaa hii atakuwa nyumbani na randa yake. Anasema anataka kumtengenezea binti yake kabati la vyombo, na kwamba ile sufuria itakaa rafu ya juu ambapo kila mtu ataiona. Mjukuu wake wa kike amekwisha kuanza kumgongea meza akikosea hadithi.

Mzee wetu, kwa niaba ya wapiga kamera uliowachekesha hadi picha ikatikisika, wapakaji poda, mafundi wa taa, wakubwa wa ofisini na sisi wa sindano na pasi, tunakushukuru. Ulikubali kuwa mdogo kwenye kila hadithi ili wengine waonekane, na kila hadithi ikasimama kwa sababu wewe ulikuwa mlangoni. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mzuri na watu wa kukusikiliza. Tunakutakia maisha mema, wewe na wanao na wajukuu.

Ijumaa ukifika, bawabu wa kweli wa kituo chetu atakuandika kama siku zote, jina na saa uliyoingia. Tumekubaliana naye kwamba sehemu ya saa ya kutoka ataiacha wazi.