Fundi wa Kibogoyo, Ambaye Hakuwa Mfanyabiashara

Wasifu uliochapwa kwenye kijitabu mlicho nacho mikononi umeandikwa na kamati ya mazishi. Una makosa machache ya chapa na kosa moja la makusudi, nalo ni kusema kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara. Mnaweza kuutumia kujipepea. Huu anaousoma binti yake umeandikwa na mkewe, aliyeishi naye miaka yote hiyo asimwone akifanya biashara hata ya viberiti. Hadi jana jioni mwenyekiti wa kamati, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekataa katakata usisomwe. Alisema utaitia familia aibu. Mkewe alimuuliza ni familia ipi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu na wa mwisho, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na kiwanda cha magodoro. Baba yake alikuwa mkata sponji kiwandani humo, na mabaki yalikuja nyumbani kwa magunia ili mama ajazie mito. Mito haikujaa. Mtoto alikaa uani na mkasi wa mama yake, akizichonga sponji mpaka zikawa midomo, pua na masikio ya wanyama wasiojulikana. Kamati imeandika kwamba "tangu utotoni alionyesha kipaji cha uongozi". Uongo mtupu. Hakuongoza mtu wala kuku. Alionyesha vichwa vya sponji, na kaka yake mkubwa alivificha chini ya kitanda kila wageni walipobisha hodi.

Alisoma shule ya msingi ya hapo mtaani, akamaliza mwaka 1975. Siku ya wazazi mwaka huo alipanda jukwaani na kikaragosi cha mwalimu mkuu, ambacho mdomo wake wa chini ulitetemeka kidogo kabla ya kila neno, vilevile kama wa mwenyewe. Wazazi walicheka wakashika mbavu. Mwalimu mkuu alimchapa, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hana mbele wala nyuma. Leo hakuna anayelikumbuka jina la mwalimu mkuu yule, ila mdomo wake wazee wa mtaa bado wanauiga. Baadaye marehemu alikwenda shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1980 katika ushonaji wa makochi.

Alishona makochi miaka sita. Mwaka 1986 kijana mmoja aliyejiita mwongozaji wa filamu aliingia karakanani kwake akiulizia dubwana. Baada ya huyo, kwa miaka mingi, walifuata wengine wa namna hiyohiyo. Filamu zao waliziita za kujitegemea, maana yake kila mtu kwenye kundi alimtegemea mke wa marehemu apike. Walivaa miwani ya jua hadi sebuleni. Walitaka kiumbe cha kutisha dunia nzima kiwe tayari Ijumaa, na walipoulizwa kinakula nini, kinalala vipi, mguu upi unakiuma, walitazamana kama watu walioulizwa njia ya mwezini. Marehemu aliwasikiliza wote kwa adabu, halafu akafanya alivyotaka. Mifupa aliitoa kwenye miamvuli mibovu, kope alizivuta kwa nyaya za breki za baiskeli, nywele alizichuna kwenye mawigi yaliyotupwa na saluni ya jirani, na ngozi aliipika mwenyewe kwa utomvu wa mpira, kwenye sufuria ambayo mkewe hakuitambua tena.

Alifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1990. Mkewe alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Walikutana pale marehemu alipompelekea mjusi mkubwa wa sponji ambaye yeye mwenyewe alishindwa kumpaka rangi, akamwomba amwambie ukweli. Mwanamke alimzunguka mjusi mara mbili, akasema, "Hili ni kochi lenye meno." Marehemu alirudi nyumbani, akamchana mjusi vipande vipande, na wiki iliyofuata akatuma wazee kwenda kuposa. Kamati imeandika kuwa walikutana "katika shughuli za kijamii". Tangu siku hiyo yeye alijenga na mkewe alipaka rangi, na kwenye filamu walilala wote wawili chini ya meza wakivuta nyaya, huku juu yao mwongozaji akipiga domo.

Kazi yake kubwa ilikuwa Kibogoyo, dubwana zee la mtoni. Halikuzaliwa kibogoyo. Lilikuwa na meno mazuri, ila mwongozaji mmoja hakuwa na subira ya kungoja gundi ikauke, akataka lipigwe picha kwenye mvua. Meno yakadondokea matopeni. Mwongozaji alifoka, akamtukana fundi mbele ya kundi zima. Marehemu alifuta matope mikononi, akamwambia kwamba mzee huyu sasa ameota uzee wake, na aliyeandika hadithi aende akaandike upya. Iliandikwa upya, na ndiyo filamu pekee ya mwongozaji yule ambayo mtu yeyote amewahi kuitazama hadi mwisho.

Siku ya kuionyesha, kaka mkubwa alikuja na tai yake. Kibogoyo lilipokufa, yaani pale ambapo wakati wa kupiga picha mke wa marehemu alilegeza waya wa kope taratibu, taratibu, kaka mkubwa alilia kwa kwikwi hadi ukumbi mzima ukageuka. Mke wa marehemu, aliyekaa kiti cha pembeni, alimpa leso. Nje ya ukumbi rafiki mmoja akamuuliza kaka huyo, mdogo wake amefanya nini kwenye filamu ile. Akajibu, macho bado mekundu, kwamba mdogo wake yuko kwenye biashara ya samani. Huyo ndiye mfanyabiashara wa kamati, alizaliwa pale mlangoni.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2019. Daktari alisema ni mapafu, vumbi la sponji na mvuke wa gundi wa miaka mingi. Baadhi ya waliokuja kumjulia hali, na leo wamekaa mstari wa mbele, walimnong'oneza mkewe kwamba ni adhabu ya kutengeneza masanamu. Hao walikunywa chai, wakaaga. Wodini kulikuwa na televisheni, na siku moja ilionyesha joka lililotengenezwa kwa kompyuta, likibomoa mji. Wagonjwa wote walishangilia. Marehemu alivua kifaa cha hewa puani ili asikike vizuri, akasema, "Halina uzito. Linakanyaga, lakini ardhi haijui." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya kitaalamu. Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Aya hii imeongezwa asubuhi ya leo. Mkewe alipofika chumba cha maiti alimkuta mumewe amefungwa tai na kupakwa poda usoni hadi akafanana na karani aliyeshtuliwa. Yalikuwa maagizo ya kamati. Aliomba maji na kitambaa, akaifuta poda yote, akafungua sanduku lake la rangi. Mwenyekiti akasimama mlangoni kumzuia.

"Shemeji, watu watasema nini?"

"Watasema huyu ndiye. Shika taa."

Akashika. Mkewe alirudisha weusi wa mashavu, kovu la utomvu wa moto kidevuni, na ile mikunjo ya katikati ya nyusi aliyoipata kwa kutazama vitu vidogo maisha yake yote. Tai aliivua. Mwenyekiti aliutazama ule uso ukirudi kidogo kidogo. Mwishowe akasema, "Binti asome wa kwako. Niliouandika mimi si wa huyu." Mkewe akamwambia ainue taa, nyusi zilikuwa hazijaisha.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, dada yake, na kaka yake mkubwa, aliyeshika taa.

Jeneza litabaki wazi. Piteni polepole, mtazameni vizuri, na tafadhali msimguse usoni, maana rangi haijakauka. Alale kwa amani, fundi wa madubwana.