Jean-Berchmans Arakaza na ndege yake ya kukaa, 1985–2024

Padri wetu, ndugu wa shirika la kanisa, majirani wa Kilibula, mafundi wenzake wa Kasenga, na ninyi mliotoka Bwegera tangu alfajiri mkiwa bado na matope ya mpunga kwenye viatu, familia inawapa pole na inaomba masikio yenu. Historia hii imetoka kinywani mwa koko yake, mama Pudentienne Ninahazwe, mzazi wa mama yake, aliyemlea marehemu, ambaye hakukaa kwenye benchi la shule hata siku moja lakini sauti ya muntu hasahau, na anayewasomea ni mtoto wake Pontien, mjomba wa marehemu na mkubwa wa familia, ambaye jana jioni aliahidi mbele ya Padri kwamba atasoma kila neno kama lilivyo, hata yale yatakayomkwaruza koo.

Mnauona msalaba. Chadrack, fundi mwenzake, amekwisha kupaka jina na miaka, na chini ya jina ameacha mahali wazi, kopo la rangi liko miguuni pake. Mahali pale ni pa kazi ya marehemu, na familia imelala siku mbili bila kupatana juu ya neno moja. Koko anataka iandikwe Piloti. Mjomba Pontien amekataa, alisema, "Mama, muntu hakupandaka hata ndege ya karatasi, tumuite piloti? Piloti ni ule anabeba watu, anawafikisha, na anawarudisha. Tusimuzike mutoto na uongo." Neno la mkubwa wa familia ni zito, koko alisema tu historia isomwe kwanza.

Jean-Berchmans Arakaza alizaliwa Bwegera, katika bonde la Ruzizi, tarehe 9 mwezi wa tatu 1985, mtoto wa pekee wa marehemu Hyacinthe na marehemu Louise, wakulima wa mpunga, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 7 mwezi wa ine mwaka uleule, na maji yalipomgusa hakulia, alifungua macho akaangalia dari. Mwaka 1988 alishikwa na polio, homa ikaondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 1991 mama yake alifariki, yeye akiwa na miaka sita, na baada ya matanga baba yake aliibomoa ile nyumba na kuhamia kwingine, hata marehemu akabaki anakumbuka moshi wake tu, na tangu siku ile akawa anauliza, "Koko, nyumba ya mama ilikuwa namna gani?" Koko alikuwa akimwambia kesho, kwa sababu Louise alikuwa binti yake, na kuitaja ile nyumba kulimchoma.

Shule ya msingi aliianza Bwegera mwaka 1991, na baba yake alipofariki naye, mwaka 1997, koko aliacha shamba, akampa mwenye baiskeli cherehani lake alibebe, akamfunga mjukuu mgongoni kwa kitenge, akashuka naye Uvira kwa miguu siku mbili, maana siku zile magari hayakuwa yakipita. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mbili. Wanawake wa njiani walicheka, "Weye mama, uyo mutoto iko karibu kuota ndevu, umushushe!" na sauti ikatoka mgongoni, "Mumuache, minye ndiye niko naangalia njia, yeye haoni mbali." Walifikia mtaa wa Kilibula, kwa mjomba Pontien huyu, aliyewapa chumba na kumlipia mtoto masomo, na hilo koko anaomba lisikike vizuri. Marehemu alisoma ufundi wa umeme hapa Uvira, akapata Diploma ya Eta, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 2005.

Mwaka huohuo alianza kutengeneza redio kwenye kibanda cha Kasenga, ubavuni mwa Chadrack mchomeleaji. Mwezi wa nane 2009, shirika moja la misaada lililokuwa linafunga ofisi lilimwachia ordinatere, yaani kompyuta, iliyokufa, akaifufua, na ndani yake akakuta mchezo wa ndege, ule ambao muntu anakaa kwenye kiti nyumbani kwake, mbele ya kioo, na kuendesha ndege kwa sheria zote za ndege ya kweli, upepo, mafuta, urefu wa uwanja. Akatafuta ziwa letu, akalikuta limelala mahali pake, la buluu, akatafuta Uvira, akakuta majani matupu tangu mlimani mpaka majini. Alimwita Chadrack, "Kuya uone, hawa watu wanajua ziwa, sisi hawatujui. Hatuko." Chadrack akajibu, "Basi tuweke." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomtumikisha miaka kumi na mitano.

Vifaa vilikuja kwanza, maana vya dukani vilikuwa mbali, na vyote vilifanywa kwa ajili ya mwenye miguu miwili mizima, usukani wa mikono, na pedali za miguu za kugeuzia mkia wa ndege. Chadrack alichomelea usukani kwa bomba la baiskeli, vifungo vya kuongezea sauti vilivyotolewa kwenye redio mbovu vikawa ndivyo vinapeleka habari ya mkono ndani ya ordinatere, na koko, cherehani lake lilipovunjika shingo, alitoa ubao wa kukanyagia, ukawa pedali. Lakini mguu wa kushoto haukusukuma. Marehemu alikaa wiki nzima akiuangalia ule ubao, mwisho akafunga breki mbili za baiskeli kwenye usukani, ya kushoto na ya kulia, akikaza vidole mkia unageuka, na mguu ukaachwa upumzike. Kifaa kile ndicho kilimpa jina, wenye kupenda ndege hizi za kukaa, na ambao miguu yao imekataa, waliandika kutoka Bujumbura, Bukavu, Kigoma na nchi ambazo koko hawezi kuzitaja, wakiomba cha namna ile, na kila kimoja alikiandika mgongoni kwa rangi nyeupe, Bwegera 1, Bwegera 2, hivyo hivyo. Bwegera 36 iko mezani mpaka leo, haijafungwa waya.

Baadaye akajenga mji, ndani ya programu ndogo ambayo muntu anaiongeza juu ya ule mchezo ili apate nchi inayokosekana. Alitembea kwa fimbo yake Kilibula, Kasenga na kwingine, akihesabu hatua, na kwa sababu hatua yake moja ilikuwa fupi, barabara ya kwanza ilitoka imepinda kama mkia wa nguruwe, watoto wa mtaa wakamcheka, akaicheka nao, akairudia. Aliweka kanisa, soko, mabati na mawe juu ya mabati. Tarehe 15 mwezi wa nane 2016 aliitoa kwenye mtandao, bure, na tangu siku ile watu wasiotujua wanatua Uvira.

Mambo ya ndoa hayakungoja hayo yote. Tarehe 23 mwezi wa saba 2011 alifunga ndoa takatifu na Consolée, aliyeko hapa mbele yenu. Shangazi zake walikuwa wamemwonya, "Unaolewa na muntu wa kukaa tu?" naye akawajibu, "Afadhali ule anasafiri na kurudi kula nyumbani, kuliko wale wenu." Mungu aliwajalia watoto watatu, Eliane aliyezaliwa 2012, Achille 2015, na Itangishaka 2019.

Mwaka 2017 marehemu alimwambia koko, "Uvira imeisha, sasa tuende kwetu," na koko akakubali kusema yale aliyoyaficha miaka ishirini na sita. Alikaa kwenye kigoda akipepeta mchele, akataja, marehemu akiandika. Kanisa ni juu ya mfereji, alisema, kwa Hyacinthe, alikohamia, ni chini, nyumba ya Louise ni juu kidogo ya kanisa. Baada ya mwezi alimkalisha kwenye kiti, ndege ikapanda, koko akashika shati la mjukuu kwa mikono miwili, akipiga kelele, "Punguza! Utagonga mabati ya watu!" na walipofika Bwegera akacheka mpaka machozi. Kanisa lilikuwa ndani ya mpunga, na mfereji ulikuwa unapanda mlima. Kumbe koko aliposema juu, marehemu aliweka juu ya karatasi, upande wa kaskazini, vile wasomi wanavyofanya. Koko akamwambia, "Weye ulisoma mpaka ukapoteza kwenu. Juu ni kule maji inatokea." Marehemu akaligeuza bonde lote, mlima ukarudi mahali pake.

Ikabaki nyumba ya Louise. Marehemu aliipiga mabati kama zingine, koko akakataa, "Ile nyumba haikuonaka bati. Ilikuwa ya majani, mulango uliangalia mufereji, upande wa jikoni majani yalikuwa meusi." Majani yale yalimchukua wiki tatu, kwa ajili ya nyumba moja ndogo ambayo wageni wa mtandao wanapita juu yake bila kuuliza. Siku alipomaliza hakumwita mtu. Koko alimkuta amezima sauti ya injini, anazunguka, anazunguka, akamwekea mkono begani, akasema, "Ni ile."

Habari zikatoka nje. Baada ya maji ya mwezi wa ine 2020 kubeba nyumba kando ya mto Mulongwe, wenye nyumba walikuja mmoja mmoja kuomba wapitishwe juu ya mahali pao, maana mle ndani ya mchezo zilikuwa bado zimesimama, na marehemu alimvutia kila mmoja kile kiti. Wengi wao mko hapa.

Na kuna mjomba mmoja wa familia hii, jina lake tunaliacha kwa heshima, ambaye Jumapili moja ya mwezi wa pili 2021 alikuja kumgombeza marehemu, kwamba mwanaume mwenye watoto anachezea moto wa sola, umeme wa nyumba nzima, mchana kutwa. Aligomba mpaka akachoka, akakaa. Marehemu akamuuliza, "Mujomba, nikupeleke wapi?" Akakohoa, akasema, "Kama iko hapo, unipeleke kwa baba." Akatafuta mkanda wa kiti, hakuna. Walipofika Bwegera, juu ya shamba ambalo baba yake amezikwa kando yake, yule mjomba alivua kofia, akaiweka magotini, na marehemu akapunguza mwendo, akazunguka polepole mpaka kofia iliporudi kichwani, ndipo akageuza usukani, akamrudisha Kilibula, akatua bila kutikisa kitu. Mjomba akasimama, akasema, "Muzime hii kitu, inakula moto," akatoka. Koko alikuwa nyuma ya pazia. Hajalisema mpaka leo, na asingelisema, kama isingekuwa ule msalaba.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2023, kwa kuvimba miguu, naye alisema kwa mzaha kwamba sasa yote miwili ni sawa. Tarehe 19 mwezi wa nane 2024 aliingizwa hospitali. Muuguzi Vanessa, akiandika karatasi yake, alimuuliza, "Kazi yako, papa?" Marehemu alitabasamu, akamwonyesha koko kwa kidole, akasema, "Muulize huyu." Koko alikuwa anamlisha uji, hakupata neno, na mahali pale pakabaki wazi. Marehemu alitulia siku ya Jumanne, tarehe 3 mwezi wa tisa 2024, saa ine ya asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Consolée, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi mitano na siku ishirini na tano. Anaacha mke, watoto watatu, mjomba, na koko ambaye alifikiri yeye ndiye angetangulia.

Familia inawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliokesha naye, na Vanessa aliyemfunga macho, inamshukuru Padri aliyemletea Komunyo, ndugu wa shirika walioimba bila kuchoka, majirani wa Kilibula waliopika na kuteka maji tangu Jumanne, mafundi wa Kasenga waliofunga vibanda vyao, wale wa mbali walioandika kwamba leo, saa hii, wanapitisha ndege zao juu ya ziwa letu bila kutua, na Chadrack, ambaye anajua kufunga zile waya za Bwegera 36 na ameahidi kuzifunga, maana kuna muntu anaingoja.

Hapa historia imeisha, na karatasi hii imeachwa wazi mahali pamoja, kama ile ya hospitali, kama ule msalaba. Safari hii koko analo neno, lakini kulitamka ni kazi ya mkubwa wa familia. Mama yake anamwomba mjomba Pontien asisome tena, ainue macho, awaangalie watu hawa waliowahi kuvutiwa kile kiti, na alitaje lile neno yeye mwenyewe, kwa maana aliyoitoa mwenyewe, kwa sauti ambayo Chadrack ataisikia. Likiwa fundi, koko atalipokea, fundi alikuwa. Lakini kabla ya kulitaja, avue kofia.

Nawe Jean-Berchmans, mtoto wa Louise, usipotee tena kwa kufuata karatasi, juu ni kule maji inatokea, shika mfereji, pita kanisa, nyumba ya majani ni ile moja tu, na mlango wake unakuangalia. Tua polepole, baba, na upumzike kwa amani.