Mama Hebu Nione, Muuza Koki za Mabomba

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba iliyo nyuma ya tangi la maji, mtoto wa nne wa mshona viatu na mkewe. Mama yake alisema hata kunyonya alianza baada ya kumkagua usoni.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, akamaliza mwaka 1966. Mwalimu aliwahi kumlalamikia baba mtu kwamba mtoto huyu akipewa jibu la hesabu anageuza karatasi kutazama nyuma. Hakuendelea na masomo. Baba yake macho yalianza kupungua nuru, ikabidi binti ashike sindano.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika duka la vifaa vya mabomba, akakaa kaunta hadi alipostaafu mwaka 2012. Lake lilikuwa koki za geti, zile zenye usukani mdogo juu na ulimi wa shaba unaoshuka ndani kukata maji. Mteja hakuuziwa kabla ya kuhojiwa. Bomba la nini? Maji ya moto au ya baridi? Aliyetaka kufungulia maji kidogo kidogo alinyimwa, akapewa koki ya aina nyingine. Alisema ya geti hufunguliwa yote au hufungwa yote. Ukiiacha katikati, maji yanaula ulimi, na siku ukitaka kufunga haifungi. Kisha kila koki aliizungusha mwenyewe, akaiweka jichoni kutafuta mwanga unaopenya. Ndipo watu wakamwita Mama Hebu Nione.

Mumewe alikuwa mchukuzi sokoni. Alimpenda, basi akawa anakwenda kununua koki. Kwenye ya tatu dada wa kaunta akamwuliza, "Kaka, kwani kwako kuna bomba?" Hakukuwa na bomba. "Sasa hizi koki unafungia nini?" Akalipa, akaondoka nayo. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974. Maswali hayakuisha, na mumewe hakuchoka kuulizwa.

Mwaka 1988 alipata pigo. Ghala la mwoka mikate lilifurika, unga ukajikanda wenyewe sakafuni. Fundi bomba aliyeitwa Msumari akasimama dukani, mbele ya tajiri na wateja, akasema ameuziwa koki bandia na mama huyu, haikufunga. Mama akaondolewa kaunta, akapelekwa stoo kufuta vumbi. Mtaani wakanong'ona kwamba anabadilisha mali.

Akataka aione hiyo koki. Msumari akasema ameshaitupa. Jioni akamwambia mumewe, "Baba watoto, fundi hatupi shaba."

Akazunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mumewe nyuma yake, mpaka akaipata. Akaifungua kichwa. Shaba ilikuwa halali, ila ulimi umeliwa ukingo wa chini, kama mkate uliogugunwa na panya. Koki iliachwa katikati siku nyingi. Nani aliiacha? Mwoka mikate akasema ni fundi, fundi akasema ni mwoka mikate. Tajiri akamrudisha kaunta kimya kimya. Lakini neno lilisemwa hadharani, na hakuna aliyelifuta hadharani. Hilo lilimkaa rohoni.

Septemba 2023 alianza kuvimba miguu. Hospitali wakasema ni figo. Kila kidonge alikigeuza kwanza, muuguzi akisubiri. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Aliuliza nani amefungua dirisha. Mumewe akasema ni yeye. Akajibu, "Haya, sawa." Akafumba macho.

Juzi Msumari, sasa mzee wa fimbo, alikuja msibani. Akamvuta mumewe kando. "Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia mwoka mikate aiache nusu. Niliogopa kukosa kazi." Akaomba yaishe kati yao wawili.

Mumewe akamjibu, "Ulimchafua mbele za watu. Msafishe mbele za watu."

Fundi akakubali kusimama leo hapa kaburini. Alikubali upesi mno. Mumewe alimtazama akiondoka, roho haikutulia. Ndiyo maana maneno haya yamechapwa, na kila mmoja wenu anayo mkononi.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wifi ambaye marehemu hakumwamini hata kwa chumvi, na leo ndiye analia kuliko sisi sote. Mumewe ndiye anayewasomea haya.

Mama watoto apumzike sasa, ya kuchunguza atuachie sisi.

Fundi, simama.