Mluzi wa Methusela Ndahani

Wazee wetu wa Ipagala na Chamwino, ndugu zetu mliotembea kwa miguu kutoka Kondoa, mwalimu wa misheni, ninyi mliofanya kazi na marehemu ghalani, na ninyi wawili mliotumwa na Bwana wa ghala kutoka stesheni, ambao tumewapa viti penye kivuli, mimi ni Filipo Ndahani, kaka yake marehemu kwa baba na mama mmoja, na ukoo umenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake kabla hatujamteremsha kaburini, basi naomba mnivumilie, maana sauti yangu leo si ya kuaminika, na mengine nitakayosoma hayakuandikwa ili yampendeze kila mtu.

Marehemu Methusela alizaliwa Chamwino, mtoto wa tatu wa mzee Ndahani na mama yetu Lydia, huyu aliyeketi mlangoni mwa tembe, na tarehe haikuandikwa kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mwandishi, ila mwalimu alipopiga hesabu baadaye aliona ni mwaka wa 1886, na mama anakumbuka kwamba ulikuwa msimu wa kupalilia mtama. Mwaka wa sotoka, 1891, ng'ombe wa nchi hii walipoanguka zizi kwa zizi, marehemu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufuata ndama, baba akabakiwa na ng'ombe wachache mno, na kwa sababu walikuwa wachache alimfundisha mapema mluzi wa ukoo wetu wa kurudisha ng'ombe nyumbani, ule wa vidole viwili, mrefu, unaokatika mara mbili mwishoni, ambao ng'ombe akiusikia, hata majani yawe matamu namna gani, anainua kichwa na kugeuka. Naomba mluzi huo muuweke akilini, kwa sababu nitaurudia.

Mwaka wa 1901 alianza kusoma kwa mwalimu wa misheni jirani na Chamwino, akajua kusoma upesi na kuandika kwa shida, na tarehe 25 Desemba 1903 alibatizwa, mwalimu akamchagulia jina la Methusela, akatueleza kwamba ndilo jina la mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote katika Maandiko, mama akafurahi sana siku ile hata akapiga vigelegele ndani ya ibada, akanyamazishwa. Huyu Methusela wetu hakufika miaka thelathini, na mama ameniuliza jana kama jina lina makosa.

Tarehe 6 Juni 1908 alifunga ndoa na Raheli, binti wa mzee Yotham wa Hombolo, mahari ikatolewa ng'ombe waliozaliwa na wale wale waliobaki mwaka wa sotoka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sila aliyezaliwa mwaka wa 1909 na Dorkasi aliyezaliwa mwaka wa 1912, nao wapo hapa. Alikuwa mume mwenye mzaha mwingi nyumbani, alimwita mkewe kwa mluzi mpaka wakwe wakamshitaki kwa wazee kwamba anamfanya binti yao ndama, naye akajitetea kwamba ndama ndiye pekee anayeitwa kwa hofu asipotee, wazee wakacheka, kesi ikaishia hapo.

Mwaka ule ule wa 1909 alikwenda kubeba mataruma ya reli, na reli ilipofika Dodoma alibaki hapo, akaajiriwa Machi 1911 katika ghala la nta, ngozi na karanga lililo kando ya stesheni, chini ya Mzungu wa kwanza, ambaye watu walimwita Bwana Mzee, na ambaye kwao Udachi alikuwa amefanya kazi ya kuzima moto kabla ya mguu wake kuvunjwa na boriti. Bwana Mzee alijua kwamba nta ikishika moto inageuka mafuta, na kwamba gari moshi hutema cheche, kwa hiyo alichagua watu, akaagiza pampu ya mkono na mipira ya maji, akaweka mapipa yaliyojaa maji kwenye kila mlango na kukataza mtu yeyote kuyachota hata kwa kunywa, na kila Jumamosi aliwafundisha kazi, kuingia wawili wawili, kutambaa chini ambako moshi ni mwepesi, kufunga blanketi lililoloweshwa maji kichwani, kutoachia kamba, na kwamba mkubwa wa zamu haingii ndani, anasimama mlangoni na kuwajua kwa majina wote walioingia mpaka wa mwisho atoke. Marehemu aliwekwa kuwa mnyapara wao mwaka huo huo, na si kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wengine, maana hakuwa nazo, bali kwa sababu, kama Bwana Mzee alivyosema mbele ya wote, huyu alikuwa na macho ya kuwahesabu watu anapotazama kitu kingine.

Likabaki jambo la kuwatoa watu ndani, kwa maana pampu ikipigwa na moto ukinguruma hakuna sauti ya binadamu inayosikika, na amri za Kidachi walizofundishwa ziliwatoka vinywani kila mtu kwa namna yake, ndipo marehemu akamwonyesha Bwana Mzee mluzi wa kurudisha ng'ombe, akamweleza kwamba watu hawa wote ni wachungaji, na kwamba Mgogo akiusikia mluzi ule miguu hugeuka kabla ya akili. Bwana Mzee aliujaribu mwenyewe, akaishia kujitemea mate kwenye ndevu, akacheka pamoja nao, akausimika kuwa amri, mluzi ukipigwa, acha mpira, acha mali, shika kamba, toka. Januari 1912 moto ulishika banda la ngozi, watu walikuwa ndani, paa likaanza kulia, marehemu akapiga mluzi, wakatoka wote, paa likaanguka juu ya ngozi tu, na Bwana Mzee akawapa chakula na siku ya kupumzika, akasema ngozi nyingine zitapatikana.

Homa ilimwondoa Bwana Mzee mwishoni mwa mwaka huo, na Februari 1913 akaja Bwana mwingine, aliyekuwa jeshini zamani, ambaye jina lake mnalijua na sitalisoma, na ambaye ninyi wa ghalani mlimwita Bwana Tarumbeta, msione haya, hata waliotumwa naye wanalijua. Bwana huyu alipenda usafi wa vyombo, Jumamosi za mazoezi zikawa Jumamosi za gwaride na kung'arisha shaba, mapipa ya milangoni yakaanza kunywesha bustani yake ya kabichi kwa sababu ya kiangazi, ngozi ya ndani ya pampu ikakauka na kupasuka, marehemu akaenda kumwarifu, akaambiwa itaagizwa, akaenda tena, akaambiwa mnyapara mzuri haji na malalamiko, na tangu hapo, wenzake wamenieleza, hakuna aliyeripoti tena kitu chochote kilichoharibika, wakawa wanakipaka mafuta king'ae.

Kisha akausikia mluzi siku ya mazoezi, akauliza ni nini, akaelezwa, akaukataza, akasema maneno ambayo Dodoma nzima inayajua, kwamba watu si ng'ombe, na kwamba kuanzia siku ile kurudi nyuma kutaamriwa kwa tarumbeta, kwa idhini yake yeye, na tarumbeta likatundikwa ofisini kwake. Mwezi wa Mei, katika mazoezi, kamba ilikatika na mtu akapotea ndani ya moshi wa majani, marehemu akapiga mluzi bila kufikiri, mtu akatoka, na kwa kosa hilo marehemu alilazwa chini mbele ya watu wake akachapwa kiboko, hamsa ishirini, ndiyo mapigo ishirini na matano, na walioajiriwa siku zile, mmojawapo akiwa kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, Mustapha bin Athuman, jambo la kwanza walilofundishwa ghalani lilikuwa hilo, wasubiri tarumbeta. Raheli ndiye aliyemwosha mgongo, na ndiye aliyetuambia kwamba baada ya hapo marehemu aliacha kumwita kwa mluzi.

Jumamosi tarehe 20 Septemba 1913, alasiri, upepo ukiwa mkali, cheche ilianguka kwenye magunia yaliyorundikwa nje kinyume cha sheria ya Bwana Mzee, moto ukaingia ghala la nta, watu wanne wakatumwa ndani na mpira ambao pampu yake haikuweza kusukuma maji, na mapipa yalipofunuliwa mengi yalikuwa matupu. Marehemu alisimama mlangoni akiwajua kwa majina, aliona nta inaanza kutiririka chini ya mlango, akamtazama Bwana, na Bwana alikuwa akipaza sauti kwamba mali itolewe kwanza, mpiga tarumbeta akiwa kando yake na tarumbeta mkononi anasubiri idhini, akamtazama tena, na hapo, ndugu zangu, Yotham mdogo, shemeji yake, aliyekuwa kwenye pampu, ameapa kwamba marehemu alipeleka vidole kinywani akavishusha, akavipeleka tena akavishusha, ndipo akapiga.

Watatu walitoka, Wagogo wote watatu. Mustapha hakutoka, kwa kuwa hakuchunga ng'ombe wetu na hakuna aliyemfundisha, aliusikia mluzi akadhani ni watu wanaoitana nje, akaendelea kubeba mikate ya nta na kusubiri tarumbeta kama alivyoamriwa, na katika wote walioshika kazi siku ile yeye ndiye pekee aliyetii sawasawa. Marehemu alivunja sheria ya kwanza aliyofundishwa, ya mkubwa kukaa mlangoni, akaingia, akamfikia, akamshika, paa likashuka, akatolewa yeye peke yake akiwa ameungua mikono na kifua, na Mustapha akazikwa kesho yake. Tarumbeta halikulia. Bwana aliwaandikia wakubwa wake wa pwani kwamba ghala lilipotea kwa sababu ya utovu wa nidhamu wa mnyapara, na kwa hiyo mshahara wake ukakoma akiwa bado amelala kwenye majani ya migomba ya kutuliza vidonda vya moto.

Aliletwa hapa Ipagala nyumbani kwangu, mikono ikapona kiasi, kifua hakikupona, akawa anakohoa kitu cheusi, na miezi yote hiyo hakumlaumu mtu mwingine, alisema tu kwamba angepiga mara ya kwanza, vidole vilipofika kinywani mara ya kwanza, angepata muda wa kumfuata yule asiyejua. Mimi nilimkatalia alipokuwa hai na namkatalia leo mbele yenu, si yeye aliyechelewa, ni kile kiboko, kilipigwa Mei kikaua Septemba, na kila aliyesimama pale akitazama mtu anachapwa kwa kuokoa mwenzake alifundishwa siku hiyo kunyamaza, na alifundishika.

Mwezi wa Desemba alikuja Mwanne, mama yake Mustapha, tukaogopa, tukadhani amekuja kudai damu, naye aliketi chini kando ya kitanda akauliza jambo moja, kama mwanawe aliitwa. Marehemu alimjibu kwamba aliitwa, ila kwa sauti ambayo hakufundishwa, mama akaomba aisikie sauti hiyo, marehemu akaweka vidole kinywani na pumzi haikutosha, ikatoka hewa tupu, akalia, wakalia wote wawili, mpaka Yotham mdogo alipotoka nje akampigia mama huyo mluzi badala yake. Mama Mwanne alikaa siku zilizofuata akimlisha uji, na kabla ya kuondoka aliwaomba wale watatu waliotoka wawafundishe mluzi huo vijana wa Kondoa wote wanaokuja kutafuta kazi Dodoma, nao wamekuwa wakifundishwa hapa uani kwangu, Bwana akikataza ghalani hakatazi Ipagala.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Februari 1914, alfajiri, mkewe na mama yake wakiwa naye.

Ukoo unamshukuru mama wa misheni aliyemfunga vidonda kwa mikono yake na kutuachia dawa, unamshukuru daktari, ambaye tulitumana kwake mara nyingi na kila mara alikuwa safarini, tunaamini huko alikokwenda alihitajiwa zaidi, unawashukuru majirani wa Ipagala kwa maji, maana mwaka huu kumpa mtu maji ni kumpa uhai, unawashukuru watu wa Kondoa, na hasa mama Mwanne, na unawashukuru wenzake wa kazi waliokuja leo wakijua kwamba majina yao yatapelekwa stesheni kabla ya jioni.

Mwisho, ninyi wawili mliotumwa, mmetuletea salamu za Bwana na shuka nyeupe, na mmetuambia kwamba kwa heshima ya marehemu ametoa idhini tarumbeta la ghala lipigwe kaburini. Shuka tumeipokea, kwa sababu kuna maiti. Tarumbeta tunaomba likae kimya, kama lilivyokaa siku ile. Bwana alisema watu si ng'ombe, nasi tumekubali, kwa maana ng'ombe wangeitwa. Tutakapomteremsha ndugu yetu atapiga Yotham, na safari hii mtageuka wote, Wagogo na Warangi, maana sasa hakuna asiyeujua.

Rudi nyumbani, Methusela, upumzike kwa amani, mlangoni umebaki wewe tu.